Mkono wa Kuume na wa Kushoto

JUMATANO

Soma 1 Nyakati 25:6–8 na 1 Nyakati 12:1, 2. Watu hawa walikuwa wamejifunza nini kabla ya kuhitajiwa?

Fungu la kwanza linahesabu waimbaji 288, wote waliofundishwa kumwimbia Bwana. Walipopiga kura za zamu, mwalimu na mwanafunzi walihesabiwa sawa. La pili linawataja watu wa Benyamini waliomjia Daudi huko Siklagi, waliojua kurusha mawe na mishale kwa mikono yote miwili. Jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Lakini wana hao wa mkono wa kuume waliufundisha na wa kushoto. Ustadi huo haukuja wenyewe. Ulihitaji mazoezi, siku baada ya siku, mpaka mkono ukatii.

Kazi hiyo hiyo inamngoja kijana anayeketi mbele ya kinanda kanisani. Katika kitabu cha nyimbo chenye noti, mistari mitano ya juu hubeba soprano na alto kwa mkono wa kulia, na mitano ya chini hubeba tena na besi kwa mkono wa kushoto. Kwaya zetu nyingi, kuanzia Moshi mjini hadi Marangu na Machame, zimelelewa na solfa, njia ambayo Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliieneza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Ni urithi mwema. Lakini mwimbaji husoma sauti moja. Mpiga kinanda hana budi kuziona sauti nne kwa mara moja. Ndiyo maana wengi hupiga kwa sikio: mkono wa kulia hufuata wimbo, wa kushoto hugusa besi mbili tatu, na mdundo wa mashine hufunika yaliyosalia.

Je, kuna ubaya gani, ikiwa watu wanaimba? Ubaya huonekana siku ya haja. Familia iliyofiwa inaomba wimbo alioupenda mama yao, nao haumo kati ya zile ishirini ambazo mpigaji amezizoea. Msiba haukupi wiki mbili za mazoezi. Anayeweza kufungua ukurasa na kuupiga papo hapo, hata polepole, huwafariji wafiwa. Asiyeweza huwaambia wachague mwingine. Tena mpigaji pekee akihamia Arusha au Dar es Salaam, kinanda hufunikwa kitambaa. Alichokijua kilikuwa masikioni mwake, na masikio yake ameondoka nayo.

Soma 1 Wakorintho 14:7, 8, 15. Paulo anaunganishaje roho na akili katika kuimba?

Wapo wasemao kwamba Roho akiongoza, mazoezi si ya lazima. Mkulima wa Uchagga angewajibu kwa mfongo. Maji hutoka mlimani, wala hakuna mtu ayafanyaye. Lakini mfongo usiposafishwa kwa majembe, maji yatapita korongoni na migomba itakauka. Roho ni zawadi ya Mungu. Kusafisha mfongo ni kazi tuliyopewa sisi.

Anza basi na dakika 15 kila siku. Chagua wimbo usioujua, maana ule unaoujua utasomwa na sikio badala ya macho. Kabla ya kugusa kinanda, tazama shapu au flati zilizo mwanzoni mwa mstari, kisha hesabu ya mapigo. Pitia mkono wa kushoto peke yake, kwa kuwa kwa wengi ndio dhaifu, halafu uunganishe na wa kulia. Piga polepole kiasi cha kutosimama. Usisome noti moja moja kama mtoto atajaye herufi. Angalia noti imepanda au imeshuka hatua ngapi. Macho yakae kitabuni, yakiitangulia mikono kwa pigo moja au mawili.

Na ukikosea katikati ya wimbo, usirudi nyuma. Kusanyiko linaendelea kuimba, wala halitakungoja.

Soma Wafilipi 3:13, 14. Paulo hakusema kosa si kosa. Alikataa tu lisimamishe mbio zake. Kosa lina wakati wake wa kurekebishwa: nyumbani, baada ya ibada, kwa unyenyekevu. Wengi walioacha utumishi hawakuangushwa na kosa lenyewe, bali na kusimama kulitazama.

Maswali ya Kujadili

1. Katika Nehemia 4:17, wajenzi walifanya kazi kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mwingine. Katika maisha yako, kati ya sala na kazi, kati ya neno na tendo, ni mkono upi umeuacha bila mafunzo?

2. Kanisani kwenu, ni nani anafundishwa leo ili kinanda kisinyamaze kesho? Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili?