Cha Bure Kina Aliyekibeba



Vijana wenzangu, leo nina kosa moja la kuwasimulia. Nimeshaliungama, padre ameniondolea, kwa hiyo msinihurumie sana. Ila nimeona nisikae nalo peke yangu, maana nahisi wengi wetu tunaoshinda mtandaoni tunalifanya na wala hatujui kama ni kosa.

Mimi natengeneza programu za kompyuta hapa Tabora mjini. Msifikirie ofisi ya vioo. Ni chumba kimoja cha kupanga kule Cheyo, meza, feni, kompyuta mpakato na simu ya kuvutia intaneti. Wateja wangu ni watu wa kawaida: duka la pembejeo, shule, vikundi vya kuweka na kukopa. Miaka michache iliyopita kikundi cha wafugaji nyuki kiliniomba programu ya hesabu zao: nani ameleta ndoo ngapi za asali, nani anadaiwa, nani alipwe kiasi gani. Nikaifanya kwa wiki tano. Wakanilipa shilingi 900,000. Siku ya kukabidhi, mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, hii yote umeitengeneza mwenyewe?"

Nikamjibu, "Yote, mzee."

Uongo mtupu. Lugha niliyoandikia ni ya bure. Ghala la kuhifadhia taarifa ni la bure. Mfumo unaoendesha seva ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Ufini, na tangu hapo maelfu ya watu wameiongezea. Hata kile kipande kidogo kinachochapa stakabadhi za wanachama nilikichukua mtandaoni. Kiliandikwa na mtu mmoja nisiyemjua. Tunaziita programu huria: msimbo wake uko wazi, unausoma, unautumia, unaubadilisha, unawapa wengine. Kazi yangu mimi ilikuwa kama chumvi kwenye mboga. Bila chumvi hailiki, sawa, lakini huwezi kusema umelima mboga.

Kama ingeishia hapo pengine nisingeandika. Ikafika siku ya mgao. Wanachama wamekaa, wengine wametoka vijijini tangu alfajiri, na stakabadhi hazitoki. Usiku wake nilikuwa nimeweka toleo jipya la kile kipande cha kuchapa bila kulijaribu kwanza. Nikapata aibu mbele ya wazee. Nikarudi chumbani na hasira, nikafungua ukurasa ambapo watumiaji huandika hitilafu, nikamwandikia yule mtunzaji maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mtu uso kwa uso. Nilimwambia kama hawezi kazi aiache. Chini ya ujumbe wangu wengine wakaunga mkono kwa vidole gumba. Nikajisikia vizuri kabisa, jamani.

Alijibu baada ya siku mbili. Hakutukana. Aliomba radhi. Alisema kazi hii anaifanya usiku baada ya kazi inayomlisha, kwamba mama yake amelazwa, na atajitahidi kuangalia Jumamosi. Na kweli Jumamosi akarekebisha. Baada ya miezi michache akaweka tangazo la mistari mitatu: anashukuru kwa miaka yote, amechoka, anautua mzigo.

*Anautua mzigo.* Yeye aliandika kwa lugha yake. Mimi niliisoma kwa lugha yangu, lugha ya mtu wa Tabora. Na kwa mtu wa Tabora neno hilo lina historia.

Wiki chache baadaye tulikwenda Kwihara na wenzangu wa VIWAWA wa parokia yetu. Ni kilomita chache tu kutoka mjini. Mnaijua ile tembe ya Livingstone, iliyofanywa makumbusho. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walifika pale pamoja wakitokea Ujiji. Mwezi Machi Stanley akaendelea kwenda pwani, na Livingstone akabaki. Alibaki mpaka Agosti. Unajua alikuwa anasubiri nini? Wapagazi. Mtu mashuhuri namna ile, jina lake limejaa kwenye vitabu vya Ulaya, alikaa miezi mitano bila kuendelea mbele kwa sababu hakukuwa na mabega ya kumbebea mizigo.

Mwaka uliofuata alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ukabebwa na Chuma, Susi na wenzao kwa miguu, ukapita hapa Unyanyembe, ukafika Bagamoyo Februari 1874, ukapokelewa kwenye misheni yetu Katoliki. Majina ya wachache tunayo. Wengi wa waliobeba hatuna.

Na si misafara ya wapelelezi tu. Wamisionari wa Afrika walipoondoka Bagamoyo mwaka 1878 kuja huku kwetu, walipita njia ileile. Vitabu, vyombo vya Misa, nguo, dawa, vyote vilikuja mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, kama kilo 30 hivi, na kutoka pwani mpaka Tabora ni kilomita 800 na ushee. Tunasema imani tuliipewa bure, na ni kweli, neema hainunuliwi. Lakini hata hiyo ya bure ilikuwa na aliyeibeba, akatokwa jasho.

Nikiwa nimesimama pale kivulini nikaanza kumwona yule mtunzaji wangu kwenye mstari wa msafara.

Sasa hapa lazima tuwe wakweli, maana njia yetu hii si ya kuisifia tu. Walipita watu wa aina mbili. Walipita Wanyamwezi waliojiajiri wenyewe. Kwa vijana wengi wa huku, kwenda pwani na kurudi ilikuwa heshima, alama kwamba sasa wewe ni mtu mzima. Walipatana ujira, walipewa posho, na wakionewa waliweza kuweka mzigo chini na kugoma, au wakaondoka usiku. Walipita pia watumwa, watu waliotekwa na kununuliwa, wakipelekwa pwani wasikokutaka. Huenda mmoja na mwingine walibeba uzito uleule wa pembe. Tofauti yao haikuwa kwenye kilo. Mmoja alikuwa amesema "ndiyo" na angeweza kusema "basi". Mwingine hakuulizwa.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Yule mtu alijitwika mzigo kwa hiari yake, kwa ajili yangu na wengine asiotujua. Mimi nikaupokea utumishi wake kana kwamba ni deni lake kwangu. Sikumteka mtu, siwezi kulinganisha maneno ya mtandaoni na minyororo. Lakini moyo ule wa kuona bega la mwenzako ni mali yako, mbegu yake ni moja.

Ni kosa kutumia kitu cha bure bila kurudisha chochote? Nimelifikiria sana swali hili. Kwa haki ya kisheria, hapana. Leseni inaruhusu waziwazi, mwenyewe ametaka hivyo. Hukuiba. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiweka shukrani miongoni mwa fadhila zinazoambatana na haki: ni deni, ila ni deni ambalo hakuna mahakama itakayokudai. Linadaiwa na uungwana. Kwa hiyo leseni inaniambia nisichoweza kushtakiwa. Haiwezi kuniambia niwe mtu wa namna gani.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mtengeneza programu, alinibishia. Akasema, "Wewe bwana, hao watu wako Ulaya na Marekani, wana mishahara. Pembe zetu walichukua kwa njia hiyohiyo unayoisifia. Na makampuni makubwa yanachuma mabilioni kwa programu hizi hizi. Mimi wa Tabora nianze kujiona mdaiwa?"

Ana hoja, na sitaki kuipita haraka. Mwaka 2014 iligundulika hitilafu kubwa ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa inalinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani, benki zikiwemo. Watu wakashtuka kusikia kwamba ilikuwa inatunzwa na watu wachache mno, na michango iliyokuwa inaingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yaliyokuwa yanaitegemea yalianza kuchanga kwa maana baada ya aibu. Aliyepewa vingi atadaiwa vingi, Bwana alishasema. Deni la hao si sawa na langu.

Lakini niliyemtukana mimi hakuwa kampuni. Alikuwa mtu mmoja mwenye mama mgonjwa. Na umaskini wangu haukunipa ruhusa ya kumtukana. Yule mjane wa hekaluni naye angeweza kusema kwamba matajiri watatoa. Alitoa senti zake mbili, na Yesu akawaita wanafunzi waje waone.

Tena si kweli kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwaka 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, ili raia waripoti yanayotokea. Ikawekwa huria, nchi nyingine nyingi zikaitumia. Kwa hiyo kwenye msafara huu sisi pia tuna mabega.

Halafu kuna jambo la mwaka 2024 ambalo lilininyima usingizi. Kipande kidogo cha msimbo kiitwacho xz, kilichomo kwenye seva nyingi sana, kilikuwa kinatunzwa kwa miaka na mtu mmoja aliyechoka, ambaye alishasema wazi kwamba afya ya akili inamsumbua. Watu wakawa wanamshinikiza: unachelewa, mpe mwingine. Akajitokeza msaidizi mpole, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kwenye kompyuta za watu. Ulinaswa Machi 2024 na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Angepuuza, sijui tungekuwa wapi. Ona basi: mlango ule ulipata nafasi kwenye uchovu wa mtu mmoja, na makelele ya wasio na shukrani yakausukuma. Ujumbe kama ule wangu.

Turudi kwenye Injili. Sisi tunaopenda vitu vya bure tunaijua vizuri Mathayo 10:8, pale Bwana anapowaambia mitume kwamba walichopewa bila malipo wakitoe bila malipo. Tunaishia hapo. Shuka mistari miwili, mstari wa 10: anasema mfanyakazi anastahili riziki yake. Katika tafsiri ya Union neno lililotumika ni posho, neno lilelile la chakula cha wapagazi njiani. Bwana hakuona kwamba maneno hayo mawili yanagombana. La kwanza linamhusu anayetoa: asiuze neema. La pili linamhusu anayepokea: asimwache mtoaji na njaa. Shida inaanza pale mimi mpokeaji ninapoushika mstari wa mtoaji na kumsomea yeye, huku wangu nimeuruka.

Nilifanya nini? Machache. Nilimwandikia yule mtu kumwomba radhi. Hakujibu mpaka leo, na sina haki ya kumdai jibu. Nilirudi kwa mwenyekiti wa wafugaji nyuki nikamwambia ukweli, kwamba programu ile ni kazi ya watu wengi, mimi ni wa mwisho kwenye mstari. Nilidhani atakasirika. Akacheka, akasema, "Kwani wewe unadhani asali tunaitengeneza sisi?"

Sasa hivi, nikilipwa kazi, natoa kidogo kwa ajili ya mradi mmoja niliotumia, kama tunavyotoa mchango wa jumuiya. Nikikosa hela natafsiri maelezo kwa Kiswahili, au naandika hitilafu kwa adabu na kueleza vizuri ilivyotokea. Na nikirekebisha kitu kwangu, nakirudisha kwa wote. Kwenye jumuiya ndogondogo huwezi kuja kila wiki kula chai ya wenzako halafu siku ya zamu yako nyumba imefungwa. Jumuiya ya mtandaoni ni hivyohivyo, ila watu wake huwaoni sura.

Wiki hii, kabla ya kulala, jiulize pamoja nami: Leo nimetumia kazi ya nani bila kumkumbuka? Nimesema "nimefanya mwenyewe" mahali ambapo nilibebwa? Kuna mtu anayejitolea, kwaya, jumuiya, nyumbani, mtandaoni, ambaye nimeanza kumdai kama mtumwa wangu?

Tuombe. Ee Yesu, uliyebeba msalaba wetu kwa hiari yako, na hukukataa bega la Simoni wa Kirene, tufundishe kupokea kwa shukrani na kutoa bila majivuno. Uwakumbuke wapagazi wote wa njia yetu ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Umpe nafuu yule niliyemwongezea uzito, na mama yake pia. Amina.