Kalamu Isiwe ya Mwajiri Peke Yake

Wajukuu zangu,

Juzi jioni mmoja wenu alinijia nyumbani hapa Bariadi, akanisalimu, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Babu, nimeachishwa kazi." Nikamuuliza lini. "Kama mwezi na ushee." Mkataba? Hakupewa. Mshahara wa mwisho? Wanamdai wao au anawadai yeye, hakuwa na hakika. Nikamuuliza ana karatasi gani mkononi. Akatoa simu.

Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nimewahi kukosa karatasi. Ila nimeona niwaambie nyote, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa na vinu havijaanza kuita vibarua, ilikotoka hii ofisi ya kazi mnayoipita kila siku bila kuingia. Habari yake yote ni habari ya nani ameshika kalamu.

Nianze na baba yangu. Aliondoka Usukumani akiwa kijana kwenda Tanga kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa wameunda SILABU, shirika la kuwakusanyia watu kutoka bara, na Wasukuma na Wanyamwezi wengi wakapita mikononi mwake. Kila mtu alipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Alipewa pia kipande: kadi yenye nafasi 30, nafasi moja kwa siku moja ya kazi. Ukimaliza ngwe yako, nyapara anatia alama. Usipoimaliza, hata kama umekata mkonge tangu alfajiri, nafasi inabaki tupu na siku haipo. Baba alikuwa akituambia kwamba mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa angani. Kadi ilikaa mfukoni mwake, lakini kalamu haikuwa yake.

Na serikali ilikuwa wapi? Ilikuwapo, upande wa pili. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mtumishi anayetoroka kazi kuwa mhalifu wa kufungwa au kutozwa faini. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 Waingereza walianzisha Idara ya Kazi ya Tanganyika chini ya Granville Orde-Browne, aliyechunguza kambi za vibarua, chakula chao na safari zao za miguu. Mdororo wa uchumi ulipoingia, mwaka 1931 idara ikafutwa ili kubana matumizi. Ilikuja kurudishwa baadaye, lakini liwekeni akilini: mtetezi aliyeletwa na bwana huondolewa na bwana.

Watu wakajisemea wenyewe. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaingia bara kwa kuifuata reli. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana katika TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Chama cha wafanyakazi kilikuwa ngazi ya uhuru.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani anayekutetea na anayekuamulia walivaa koti moja. Mwaka 1967 likaja baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi, na mgomo halali ukawa kama mvua ya Agosti kwetu.

Msinielewe vibaya. Miaka ile haikuwa ya giza tupu. Sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 ilituletea kamati za wafanyakazi, na meneja hakuweza kuamka vibaya akakufukuza. Mwongozo wa TANU ulipotoka mwaka 1971, ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, nasi tuliijua kama namba ya nyumba. Nilikuwa kijana kwenye kinu cha kuchambua pamba, na niliwaona watu waliozoea kuinamisha kichwa wakimsomea bosi ibara ile mbele ya marobota.

Sasa niungame kosa langu. Nilikuwa mjumbe wa kamati, na mimi ndiye niliyetunza daftari la zamu za usiku. Msimu mmoja pamba ilifurika, tukakesha wiki nzima. Meneja alikuwa mtu mwema, tunakula naye sahani moja. Akaniambia, "Mzee, usijisumbue kuandika, nitawalipa." Niliona haya kuandika mbele ya rafiki, nikafunga daftari. Kabla ya malipo akahamishwa. Aliyekuja akauliza jambo moja tu: "Imeandikwa wapi?" Watu kumi na mmoja walipoteza malipo ya usiku saba. Mmoja wao alikuwa akiuguza mtoto. Hakunitukana. Kila tulipokutana sokoni alinisalimu vizuri tu, na salamu ile iliniuma kuliko tusi.

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunadhani waliwasemea wafanyabiashara. Jasho nalo ni mali.

Nyakati zimepita. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, JUWATA ikafuatiwa na OTTU mwaka 1991, kisha sheria ya mwaka 1998 ikafungua mlango wa vyama huru, na shirikisho lao, TUCTA, likazaliwa mwaka 2001. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria mbili, ya ajira na mahusiano kazini na ya taasisi za kazi. Kutokana nazo, tangu mwaka 2007 tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayomkalisha bosi na kibarua meza moja. Nasi tulipopata mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2012, huduma za mkoa tulizozifuata Shinyanga kwa nauli ya kukopa zikaanza kusogea Bariadi.

Sheria hizo zinasema mengi ya kuwafaa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Lakini zina saa yake, na saa hiyo haisubiri huzuni yako iishe. Ukiachishwa kwa uonevu, una siku 30 za kufika CMA. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, una siku 60. Tena aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au kadhaa, hana kinga ile ya kuachishwa isivyo haki, na msimu wa pamba mara nyingi hauifikishi miezi hiyo. Hapo ndipo kuhesabu siku kunapokuwa kinga yenyewe. Ujira wa siku ulizokwishafanya, hata zikiwa tatu, ni wako.

Basi shikeni haya. Patana kabla ya kushika kazi. Babu zetu walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kulima, naye alikubaliana na mwenye shamba kabla jembe la kwanza halijagusa udongo. Nanyi msiende mmojammoja: jiungeni na chama, na muulizeni kiongozi wenu michango inafanya nini. Andika siku, saa, kazi na jina la aliyekutuma, jioni ileile. Usione haya kuandika mbele ya bosi mwema, maana wema wake hauhamii kwa atakayemrithi. Na ofisi ya kazi usiisubiri ikufuate kinuni. Mlango wake unafunguka kwa anayebisha mapema.

Yule mjukuu wangu? Tulikaa na simu yake mpaka usiku. Ujumbe wa malipo ya kila wiki ulikuwamo, nao una tarehe. Tukahesabu kwa vidole: tangu aachishwe zimepita siku 34. Za kudai kurudishwa kazini zimempita kwa nne, na itambidi aombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Za kudai wiki mbili ambazo ujumbe wake haukuja bado anazo. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Kabla ya kutoka akaniomba kalamu, akaandika tarehe ya siku ile nyuma ya daftari la shule la mdogo wake, na chini yake: "Nimekwenda CMA."

Kalamu yangu hajairudisha. Nimemwambia akae nayo.