Neno Mzimu na Deni la Wafu

Neno mzimu lina umri kuliko Kiswahili chenyewe. Wanyarwanda na Warundi husema umuzimu, Waganda omuzimu, Wachewa mzimu. Na mbali kusini Watswana humwita Mungu Modimo, neno la shina lilo hilo. Neno lililoenea hivyo si la kuazima; ni urithi wa tangu lugha hizi hazijaachana.

Kwetu shina hili lina watoto wengi: kuzimu, makao ya wafu, zimwi, lile la hadithi za bibi, na wazimu, ambao yaelekea walikuwa wafu wenyewe kabla ya kuwa jina la maradhi. Wanyarwanda hadi leo husema abazimu kwa maana ile ya kwanza.

Huku pwani mzimu ni roho, na ni mahali pia. Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, mvyale, mrithi wa waliotangulia kuikalia ardhi, ndiye aliyepeleka ubani pangoni kuomba radhi kabla watu hawajalima. Maana yake nini? Kwamba mwenye jembe hakuwa mwenye ardhi peke yake. Waliolala chini yake nao walikuwa na fungu.

Uislamu ulituletea jini na shetani, na polepole mzimu ukahesabiwa pamoja nao. Kwa Watswana mambo yalikuwa mazito zaidi. Wamisionari walipofasiri Biblia walimtwaa Modimo awe Mungu, lakini badimo, yaani wahenga, wakafanywa pepo wachafu wa kufukuzwa. Neno moja likapasuliwa: umoja wake ukapanda mbinguni, wingi wake ukatupwa motoni. Mtswana aliyejifunza kusoma alimkuta babu yake miongoni mwa waliolaaniwa.

Je, walio hai wanadaiwa na wafu? Mwislamu amsomeaye baba yake hitima, na Mkristo apaliliaye kaburi la mama yake, wote wawili wamekwisha kujibu. Tutaambiwa kwamba kumwombea mfu si sawa na kumwomba mfu. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Hatukusudii kuifuta, wala hatumwiti mtu arudi pangoni. Hatuoni, hata hivyo, kwamba yatosha kumgeuza mhenga kuwa shetani. Mvyale mwenyewe, akiisha kuzima chetezo chake, alikwenda kusali msikitini pamoja na wenziwe.