Majuto Yasiyofika Kalinga

Mfalme Ashoka wa ukoo wa Maurya alitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia mnamo mwaka 268 hadi 232 kabla ya Kristo, akikaa Pataliputra, mji ambao leo ni Patna. Aliyotaka raia wayajue aliyachongesha kwenye miamba na nguzo za mawe, na jambo alilolirudia bila kuchoka ni adabu ya nyumbani: baba na mama watiiwe, wazee waheshimiwe, watumwa na watumishi watendewe vyema. Mzazi wa kwetu hataona jipya hapo. Utii kwa wazazi ndio somo tunalolihubiri kila siku.

Ila Ashoka hakuwadai watoto peke yao. Alijiita mzazi wa watu wote, akasema anawatakia heri ya dunia na ya akhera kama anavyowatakia wanawe wa kuzaa. Akaanza na jiko lake. Zamani, anasema, maelfu kwa maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa kitoweo cha mfalme. Sasa wamebaki watatu, tausi wawili na paa mmoja, na hao nao wataachwa baadaye. Nampendea hao watatu. Angeweza kuwaficha akajidai ameshatakasika, lakini akawataja.

Uzito uko Kalinga, pwani ya jimbo la sasa la Odisha. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa, jeshi lake liliishinda nchi ile. Kwa hesabu yake mwenyewe waliuawa watu 100,000, wakahamishwa 150,000, na wengine wengi zaidi wakafa. Kisha yeye mshindi akatangaza juu ya mwamba kwamba anajuta. Ni wafalme wangapi wamethubutu?

Hata hivyo, Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, tangazo hilo halikuchongwa. Badala yake wenyeji waliwekewa maneno ya upole kwamba wao ni watoto wake, pamoja na amri kwa maafisa wasimfunge wala kumtesa mtu bila sababu. Huenda ilikuwa busara ya utawala, asichokoze kidonda kibichi. Mimi naona ni tabia tunayoijua sana: mama anamsimulia shoga yake kwamba alimchapa mtoto bila kosa, akirudi nyumbani anamwita mwanangu kipenzi na kumkatia mkate, lakini samahani haitamki.

Mtoto hulishwa, huvishwa, husomeshwa, na bado anaweza kudai haki moja, ya kuombwa samahani anapokosewa. Sioni kwa nini mzazi aliyemkosea aione kuwa fedheha, wala cheo cha ubaba hakimwondolei deni. Watu wa Kalinga waliahidiwa maafisa wapole, na walistahili. Walistahili pia kuyasoma majuto ya mfalme kwenye miamba yao, nayo hawakuandikiwa.