Shabaha na Mizani
Mpiga shabaha anayejijazia risasi hupima baruti kwa mizani, ganda baada ya ganda, ili kila risasi itoke kwa mwendo ule ule. Baruti isipolingana, risasi hutawanyika. Je, uangalifu huo ni wema? Hatudharau ustadi wo wote. Lakini Mbarara iliingiwa na vita vya Kagera mwaka 1979, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yasiyo mbali nayo, wamo Wakongo na Warundi waliokimbia bunduki. Twawaambia nini juu ya shabaha njema? Katika lugha yetu shabaha ni alama inayolengwa, na pia ni kusudi la mlengaji. Mizani hupima ile ya kwanza tu. Hata hivyo mpimaji asiseme hakupata wasaa wa kufikiri; kazi yake ni ya polepole mno.