Wito wa Mizani

Kwetu mtu akisema kwamba kijana fulani ana wito, hakuna anayeuliza wito wa nini. Wote huelewa kuwa anataka kuwa padre, bruda au sista. Sijapata kusikia ikisemwa kwamba seremala ana wito, wala mama anayeuza ndizi sokoni. Nami nililelewa katika maana hiyo, na ilinigharimu.

Nilisoma seminari ndogo miaka mitatu. Mwaka wa nne sikuitwa tena. Nikarudi nyumbani Kilimanjaro, na baadaye nikapata kazi ya ukarani katika chama cha msingi, kupima kahawa ya wakulima. Niliamini kwamba wito wangu umekufa, na kilichobaki ni kutafuta riziki tu. Kila Jumapili niliimba kwaya. Lakini mizani sikuihesabu kuwa mahali pa Mungu.

Pale chamani palikuwa na desturi ya kukata nusu kilo katika kila gunia, eti kwa ajili ya unyevu. Hata kahawa iliyokauka vizuri ilikatwa. Fungu langu nililipata. Nilijua kuwa ni wizi, ila nilijituliza kwamba ndivyo nilivyoikuta kazi.

Siku moja mjane mmoja alileta kahawa yake. Nilipokwisha kuandika, aliitazama mizani, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, si wewe uliyetaka kuwa padre?"

"Ndiyo, Mama, lakini sikujaliwa."

"Basi kama ungejaliwa, ungenipimia vipi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua Injili ya Luka, sura ya tatu. Watoza ushuru walimwendea Yohane Mbatizaji wakitaka kujua wafanye nini. Hakuwaambia waiache kazi yao wamfuate jangwani. Aliwataka wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Wito wao ulikuwa pale pale penye hesabu zao.

Hapo nikaona kosa langu. Kwa kuwa niliamini Mungu hakuniita kwenye mizani, nilijiona kama kwamba hatanidai hesabu ya mizani. Wito nilioulilia ulikuwa umenipa kisingizio.

Wala fundisho hili si jipya. Martin Luther, akiandika juu ya ndoa mwaka 1522, alisema kuwa baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anampendeza Mungu, hata watu wakimcheka. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba waamini wote wameitwa kwenye utakatifu, kila mmoja katika hali yake ya maisha. Niliyasikia hayo seminarini, lakini sikuyatia moyoni.

Juma lililofuata niliandika uzito kamili. Miezi miwili baadaye niliondolewa kazini, nikarudi shambani. Watoto wangu wawili walikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Mke wangu hakunisifu, nami sikumlaumu. Kwa hiyo sithubutu kusema kwamba kuitika ni jambo jepesi, wala kwamba maskini aridhike na ujira wa dhuluma kwa kuwa kazi yake ni wito. La hasha! Anayemdhulumu naye ameitwa, na hajaitika.

Nilipovuna kahawa yangu nilimpelekea yule mjane sehemu yake. Aliipokea bila kuipima.

Ndugu msomaji, huenda nawe ulitamani kazi fulani ya Mungu ukaikosa, na tangu hapo unajiona mtu wa pembeni. Usikae ukingojea sauti nyingine kutoka mbali. Mtazame kwanza aliyesimama mbele yako leo kazini, na alichokuletea. Huenda ndipo unapoitwa.