Ilimu ya Mabinti wa Afghanistan na Mali ya Wageni

Ndugu zetu Waislamu,

Neno la kwanza lililomshukia Mtume wetu (s.a.w.) ni amri ya kusoma, wala amri hiyo haikuwahusu wanaume peke yao. Masahaba wakubwa walikwenda kwa Bibi Aisha (r.a.) kumwuliza mambo ya dini, wala hawakuona haya. Basi kumfungia binti mlango wa skuli kumetoka wapi?

Twayasema haya kwa ajili ya dada zetu wa Afghanistan. Taliban walipoushika mji wa Kabul mwaka 1996, skuli za wasichana zilifungwa. Bibi Sakena Yacoobi na wenziwe wakafungua madarasa ya siri majumbani mwa watu. Huko Herat wanawake walikutana kwa jina la kujifunza kushona, kumbe wasoma fasihi. Kazi hiyo ilisimama kwa sababu wenye mtaa waliiona kuwa yao.

Baada ya 2001 ikaja mali ya wageni. Hatusemi kuwa yote ilikwenda bure, kwani skuli zilijengwa na mabinti wengi wakasoma. Lakini mwaka 2014 Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Promote, wa dola milioni 280, kwa ajili ya wanawake 75,000. Na mwaka 2018 wakaguzi wa Marekani wenyewe wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa umewafaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Agosti 2021 Taliban walirudi. Skuli za sekondari zikafungwa kwa wasichana. Disemba 2022 vikafuata vyuo vikuu, na mwezi huo huo wanawake wakakatazwa kufanya kazi katika jumuiya za misaada. Tazameni ajabu hii! Mjane asiyeweza kuingiliwa nyumbani na mwanamume wa kando, ni nani sasa atakayemfikishia unga? Hiyo si stara, ni dhulma. Na madarasa yamerudi tena majumbani, kwa siri.

Basi, ewe utoaye sadaka, toa. Lakini uliza kwanza kama wanawake wa huko wamo katika shauri, au wameandikiwa tu. Na wewe mwenye binti, usiwalaumu Taliban ilhali wako umemwachisha skuli ili ada imtoshe kaka yake.

Mwenyiezi Mungu atuongoze, na awafungulie dada zetu milango. Amin.